Miaka minne ya "PID", kumbe kichocho cha lamboni

Muuza dawa wa mtaani kwetu, huku upande wa Igoma, ilifika mahali akawa hasubiri niseme. Nikitokeza tu mlangoni anauliza, "Ni ile ile?" Naitikia kwa kichwa. Anafungasha doksi, flajili na vile vidonge vya fangasi vya kuweka ukeni, nalipa 18,000, naondoka nikiangalia pembeni kama mwizi wa kuku. Huo ulikuwa mwaka wa pili wa kuumwa kwangu. Ilinichukua muda mrefu zaidi kukutana na mtu wa kuniuliza swali la maana.

Nina miaka 34, nauza mchele jumla na rejareja hapa Mwanza. Nimekulia kijiji kimoja cha wilaya ya Kwimba, mbali na ziwa, mahali ambapo maji tuliyoyajua ni ya lambo na ya kwenye majaruba ya mpunga. Hilo la kuwa mbali na ziwa lishikeni, nitalirudia.

Kilichoanza hakikuwa maumivu, ilikuwa damu. Mwaka 2019, mtoto wangu akiwa na miaka mitatu, nilianza kuona matone mawili matatu baada ya tendo la ndoa. Siyo hedhi, maana hedhi yangu ilikuwa inakuja kwa siku zake. Mara ya kwanza nikasema ni ukavu. Mara ya pili nikasingizia sindano ya uzazi wa mpango, ingawa nilikuwa nimeiacha zamani. Mara ya tatu mume wangu aliliona shuka kabla yangu. Hakusema kitu. Alilikunja, akaliweka kwenye beseni, akaenda kuoga.

Yakafuata mengine. Mkojo wa kubana: niko sokoni, naacha mizani kwa jirani, naenda chooni mara tano sita kabla ya saa saba mchana, na nikichelewa nguo ya ndani inalowa. Uchafu wa njano. Muwasho. Maumivu chini ya kitovu yanayovuta mpaka kiunoni. Na mimba ya pili, ambayo tulikuwa tunaitafuta, haikuja.

Zahanati ya kwanza walipima mkojo wakasema UTI. Sindano siku tano, kila siku 7,000. Kwenye karatasi ya majibu waliandika kabisa kwamba mkojo una damu, ila hakuna aliyeniambia kwamba damu ile inaweza kuwa na maana nyingine. Karatasi hiyo ninayo hadi leo. Zahanati ya pili wakanipeleka ultrasaundi, 25,000, majibu yakarudi na maneno "maji kidogo nyuma ya kizazi", na mhudumu akasema bila kusita: hii ni PID, na ni sugu. Neno "sugu" lilinikaa kichwani kuliko dawa zilivyonikaa tumboni.

Niseme hapa mapema ili mtu asije akanielewa vibaya. PID ipo. Ni maambukizi ya bakteria yanayopanda kutoka ukeni na mlango wa kizazi kwenda kwenye kizazi na mirija, mara nyingi yakianzia kwenye klamidia au kisonono, na mwanamke akicheleweshewa dawa mirija inaweza kuharibika. Mwenye homa, maumivu makali ya chini ya tumbo na uchafu wenye harufu asikae nyumbani kwa sababu amesoma kisa changu. Shida yangu ilikuwa kwamba jina hilo nilipewa kwa picha peke yake. Nilikuja kuelezwa baadaye kwamba maji kidogo nyuma ya kizazi hata mwanamke mzima asiye na ugonjwa anaweza kuwa nayo. Katika miaka yote ile, vituo vinne, hakuna hata mmoja aliyenilaza kitandani akaangalia mlango wa kizazi kwa macho. Walinipima mkojo, damu na picha. Kuangalia, hapana. Nami kwa aibu yangu nilishukuru kwamba hawakuangalia.

Kila PID ilikuja na sharti: mlete mwenzako naye atibiwe. Ni sharti sahihi kwa ugonjwa wa zinaa, silaumu. Ila fikiria unamwambia mwanaume hivyo mara ya kwanza, anameza dawa. Mara ya pili anameza huku amenuna. Mara ya tatu mume wangu aliweka vidonge mezani, akaviangalia, akasema, "Mke wangu, mimi najijua. Wewe unajijua?"

Sikulala usiku ule. Nilikuwa najijua. Lakini ukiambiwa na watu watatu wenye makoti meupe kwamba una kitu kinacholetwa na kutembea nje, unaanza kuwaza: labda ni yeye. Nikaanza kukagua simu yake. Yeye naye akaanza kuuliza kwa nini nimechelewa kufunga biashara. Tulipima virusi vya UKIMWI mara tatu, tukapima kaswende, vyote safi, na bado tulilala mmoja akiangalia ukuta wa huku na mwingine ukuta wa kule. Mama mkwe alipokuja kutusalimia alikaa siku nne, akaona mambo, akaniambia kwa upole wa kuumiza, "Mwanangu, ndoa ni kuvumiliana. Kama kuna kitu ulifanya, mwombe radhi tu." Kilichoniuma ni upole wenyewe. Angenifokea ningejibu.

Nikaenda kwa wifi, yeye ndiye mtu wangu. Akanishauri kitunguu saumu. Unamenya punje, unaifunga kwenye kitambaa chepesi na uzi, unaiweka ukeni usiku kucha. Nilifanya siku tatu. Siku ya tatu nilikaa kwenye beseni la maji baridi nikilia, maana ngozi ilikuwa imeungua. Halafu kujifukiza kwa maji ya mwarobaini. Halafu sabuni fulani ya kina mama, 15,000 kichupa. Sasa hivi nikikumbuka nasikia hasira na huruma kwa pamoja: nilikuwa na vidonda ndani, na mimi mwenyewe nilikuwa navimwagia pilipili. Uke haupaswi kuoshwa ndani kwa sabuni, wala kuwekwa viungo vya mboga, hata ukiwa mzima. Hilo sitalizungusha.

Mimi ni mfanyabiashara, kila shilingi naandika. Ukurasa wa nyuma wa daftari la mchele nilikuwa naandika matumizi ya ugonjwa. Nilipokuja kujumlisha yalikuwa 1,140,000, bila nauli na bila siku nilizofunga banda. Gunia zima la mchele baada ya gunia lilikwenda kwenye dawa za kuua bakteria ambao pengine hawakuwepo.

Mwaka 2022 mwishoni walipita wahamasishaji sokoni, kuna upimaji wa bure wa saratani ya mlango wa kizazi kituo cha afya kilicho karibu. Nilienda kwa sababu mbili: ni bure, na jirani yangu wa banda alikuwa anaogopa kwenda peke yake. Ndiyo ukweli wenyewe. Mimi nilikwenda kumsindikiza mwenzangu.

Kwa ambaye hajawahi: unalala chali, unakunja magoti, muuguzi anaingiza chombo cha kupanua uke ili aone mlango wa kizazi, kisha anaupaka siki iliyochanganywa na maji na kusubiri dakika moja. Sehemu yenye mashaka inageuka nyeupe. Haiumi sana ukilegeza mwili, ingawa mimi, kwa hali niliyokuwa nayo, niliuma meno. Vaa gauni au sketi pana, nenda na kanga yako, na usiende siku za hedhi. Ni dakika kumi hivi, ukiondoa foleni.

Muuguzi wangu alikuwa mama wa makamo. Aliangalia. Akasogeza taa. Akatoka, akarudi na mwenzake. Wakaangalia wote. Pale ndipo mtu unapojua. Nikamwambia, "Mama, niambie tu." Akasema, "Mwanangu, mimi sijui hiki ni nini. Kinatoka damu nikigusa tu, na kuna vitu vya njano sivielewi. Nakuandikia rufaa, na usipoenda nitakufuata sokoni." Nimekutana na wahudumu wengi waliojua kila kitu. Yule aliyesema hajui ndiye aliyenitoa gizani.

Wiki iliyofuata nilikuwa nimeshajizika. Nilimwambia dada yangu mkubwa wapi nimeficha akiba na nani ananidai. Mume wangu nilimwambia neno moja, saratani, na ni ajabu ya Mungu kwamba neno lile lililainisha nyumba kuliko dawa zote. Alinunua samaki. Alikaa pembeni yangu.

Hospitali ya rufaa daktari alikuwa kijana, nadhani ananizidi miaka miwili mitatu tu. Alitumia darubini ya kukuzia mlango wa kizazi. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza, akiwa bado anaangalia, "Dada, wewe ulikulia wapi?"

Nikadhani anataka kunichangamsha. Nikamwambia Kwimba.

"Ulipokuwa mdogo mlikuwa mnaoga wapi?"

Nilikaribia kucheka. Miaka minne nimeulizwa nimelala na nani, mara ngapi, mume wangu ana wanawake wangapi. Leo naulizwa nilioga wapi nikiwa darasa la tatu. Nikamwambia lamboni, kila mtu alioga lamboni. Akauliza kama siku hizi bado naingia kwenye maji. Nikamwambia nina majaruba yangu mawili kule nyumbani, kila msimu naenda kupandikiza mwenyewe. Akasema, "Vaa, uje tukae."

Alinifungulia kitabu kidogo cha picha, kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2015, kimejaa picha za milango ya vizazi vya wanawake wa Afrika. Kwenye picha moja niliona madoa ya njano yaliyotapakaa kama mchanga umenatia kwenye nyama. Mimi kwa jicho langu la biashara niliona kama chenga za mchele zilizolowa. Akasema, "Na wako uko hivi." Ugonjwa huo unaitwa kichocho cha via vya uzazi vya mwanamke. Kwa sababu kilichoonekana kinaweza kufanana na saratani, na wakati mwingine vikawepo vyote viwili, alikata kinyama kidogo kipelekwe maabara. Nilisubiri wiki tatu. Majibu: mayai ya kichocho, hakuna saratani.

Sasa lile la ziwa. Watu wengi, hata wasomi, ukiwaambia kichocho wanawaza wavuvi na Ziwa Victoria. Ziwani kichocho kipo, sana tu, ila kule kinachotawala ni kile cha matumbo, kinachosumbua utumbo na ini. Hiki changu ni kile cha mkojo, na konokono anayekibeba ni wa aina nyingine, anapenda malambo, madimbwi, mifereji iliyotulia na majaruba ya mpunga. Yaani Kwimba, Misungwi, Maswa, Shinyanga huko, palepale ambapo hakuna mtu anayejihesabu kuwa mtu wa majini. Visiwani Unguja na Pemba nako kipo hicho cha mkojo.

Mzunguko wake alinichorea nyuma ya karatasi ya kliniki. Mtu mwenye kichocho anakojoa majini, mayai yanaanguliwa, vijidudu vinaingia kwa konokono. Baada ya wiki kadhaa konokono anatoa viluwiluwi visivyoonekana kwa macho, vinaogelea vikitafuta ngozi ya mtu. Vinapenya kwa dakika chache tu, huhitaji kuwa na kidonda wala kunywa hayo maji. Vinatoka kwa wingi jua likiwa kali. Nikakumbuka: sisi tulikuwa tunaenda lamboni saa sita, tukitoka shule, wavulana upande huu, wasichana upande ule, ng'ombe katikati. Mtu akibanwa mkojo alikuwa hatoki majini. Nani angetoka?

Viluwiluwi vikishaingia vinakua kuwa minyoo, jike na dume, inakaa kwenye mishipa ya damu kuzunguka kibofu na kizazi. Inaweza kuishi humo miaka. Jike linataga kila siku. Mayai yana mwiba nchani, yanatakiwa yatoboe yatoke na mkojo, lakini mengi yanakwama kwenye nyama: kibofu, mlango wa kizazi, uke, hata mirija. Mwili unapigana na kila yai, panavimba, panakuwa na vidonda, panaota mishipa dhaifu ya damu. Ndiyo ile damu ya kwenye shuka.

Nilimwuliza ugonjwa huu umegunduliwa lini, nikidhani ataniambia juzi. Akasema Misri uliandikwa mwaka 1899. Bibi yangu alikuwa hajazaliwa. Na akasema kwa haya kidogo kwamba chuoni kichocho yeye alifundishwa kwenye kibofu, mambo ya kizazi aliyajua baada ya kuanza kazi huku. Inakadiriwa wanawake na wasichana milioni 56 wanao, karibu wote barani Afrika. Nilifanya hesabu ya sokoni: wangapi kati yao wako mlangoni kwa muuza dawa wanaulizwa "ni ile ile?"

Niliomba daktari amwite mume wangu aingie. Aliniuliza kwanza kama nina hakika, jambo ambalo sikulizoea. Akamweleza pole pole: huu haupatikani kwa kujamiiana, mkeo hakukuletea, wewe hukumletea, umetoka kwenye maji. Mume wangu aliitikia tu. Tukapanda daladala, tukashika njia bila neno. Tulipofika Buzuruga akasema akiangalia dirishani, "Mimi nilikojoa damu nikiwa darasa la tano."

Yeye ni wa Maswa. Anasema darasani kwao walikuwa kama kumi hivi, walikuwa wanashindana nani mkojo wake mwekundu zaidi, na wakubwa waliwaambia ndiyo dalili ya kuwa wanaume. Aliyekuwa hakojoi damu alichekwa. Kwetu vilevile kaka yangu alikojoa damu na hakuna aliyehangaika. Sasa nauliza, na hili nililiuliza mle mle ndani ya daladala mpaka abiria wakageuka: kama wavulana wote walikuwa nayo, na lambo lilikuwa moja, wasichana tulidhani tumesalimika kwa sababu gani? Kwa sababu ya kwetu haikuonekana tu. Msichana akitoka damu mtu anasema amevunja ungo.

Dawa yenyewe, baada ya vyote hivyo, ni kidonge kinachoitwa prazikwanteli. Unapimwa uzito, miligramu 40 kwa kila kilo. Mimi nilikuwa kilo 60, nikameza vidonge vinne vya miligramu 600 kwa mkupuo. Bei yote haikufika elfu kumi. Meza ukiwa umeshiba, nami nilikula ugali kabisa, na usikitafune wala kukiacha kiyeyuke mdomoni, uchungu wake hausemeki. Kichwa kiliniuma, kizunguzungu, tumbo likanikata mpaka jioni, kesho yake nikafungua banda. Nilirudia dozi baada ya wiki kadhaa kwa maelekezo ya daktari, kwa kuwa dawa inaua minyoo iliyokomaa, michanga inaponea. Mume wangu naye alipewa, kwa ajili ya Maswa yake.

Ningependa kusema nilipona. Ukweli una vipande. Kubanwa mkojo kuliisha ndani ya miezi miwili, nikaanza kukaa sokoni kama mtu. Damu ilipungua taratibu, miezi sita hivi, na hata sasa mara moja moja naiona. Daktari aliniambia kabla: dawa inaua minyoo, haiyeyushi mayai yaliyokwisha kukwama, wala haifuti makovu. Ndiyo maana mtu akimezeshwa utotoni, kabla madoa hayajakaa, anakuwa na nafuu kuliko mimi. Zoezi la kugawa dawa shuleni lilipofika kijijini kwetu mimi nilikuwa nimeshamaliza darasa la saba. Mdogo wangu alizimeza. Tumepishana miaka michache tu. Mimba bado. Picha ya mirija ilionyesha wa kulia umeziba, wa kushoto unapitisha. Kama ulizibwa na mayai ya kichocho au na kitu kingine, hakuna atakayeniambia.

Yale niliyoyapata kwa gharama nayasema jinsi yanavyonijia. Ukienda kwa daktari na damu baada ya tendo, au uchafu usiosikia dawa, taja kijiji ulichokulia na maji uliyoyaoga hata kama hujaulizwa. Omba kuangaliwa kwa chombo, mlango wa kizazi uonekane. Ukipewa dozi ya pili ya PID bila mtu kuangalia, uliza kwa nini. Damu baada ya tendo usiikubali kuwa kawaida hata siku moja, maana ikiwa siyo kichocho inaweza kuwa saratani yenyewe. Mkojo wa kupimwa kichocho utoe kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, mayai hutoka zaidi muda huo. Lakini kwa mwanamke mtu mzima mkojo unaweza kuwa safi na madoa yapo kwenye kizazi, kwa hiyo karatasi safi isikunyamazishe. Tunza kila karatasi. Daktari yule alisoma zangu zote kumi na moja, na ile ya kwanza, yenye damu kwenye mkojo, aliizungushia kalamu. Endelea kupima virusi vya UKIMWI, kwani vidonda hivi vinaweza kurahisisha njia ya virusi. Na kina baba mnaosoma: meza vidonge, ila usimhukumu mtu kwa jina la ugonjwa ambalo hakuna aliyelithibitisha.

Maji ya lambo mkiyateka mkayaacha kwenye pipa siku mbili, viluwiluwi vinakufa, mnaweza kuogea. Kuchemsha ni haraka zaidi. Hilo nimewafundisha nyumbani na mama analifuata.

Majaruba ndiyo yamenishinda. Msimu uliofuata nilinunua mabuti ya mpira, nikaenda kupandikiza. Hatua ya nne buti la kushoto lilibaki kwenye tope, mguu ukatoka mtupu, wanawake wa shamba la jirani wakacheka mpaka wakakaa kwenye tuta. "Mwangaluka mayu wa mjini!" Yaani, kwa Kisukuma, habari za asubuhi mama wa mjini. Nililichomoa, likabaki tena. Nikavua yote mawili, nikatoka. Siku hizi nalipa kibarua. Anayenipandikizia ni binti wa jirani, miaka 19, mikono myepesi kweli, na saa sita za jua anakuwa majini mpaka magotini badala yangu, kwa ajili ya mchele wangu.

Nilimpeleka zahanati ya kijiji kumwombea dawa. Wakasema zilizopo ni za wanafunzi, ingawa nimesikia kwamba tangu mwaka 2022 mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka na watu wazima wa maeneo yenye kichocho wapewe. Sikubishana na tabibu, hakuziumba yeye. Alimpima uzito, akamwuliza kama ana mimba, akaniandikia, nikazinunua mjini nikarudi nazo wiki iliyofuata pamoja na posho yake. Tulikaa kwenye tuta, akala kwanza viazi. Akameza vitatu na nusu mbele yangu, akakunja uso mzima, akaniuliza kama kwenye mkoba nimekuja na soda.